Fungua Rango

Pangani, Nairobi
14 Agosti 1979

Kwako ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, Mwanaisha na watoto hamjambo, na cherehani yako bado inaivisha Nyeri nzima. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayochemka, kwa hiyo nivumilie.

Barua yako niliipata Ijumaa. Uliniambia kwamba tangu Murugi aweke televisheni mkahawani kwake, baba yangu ameacha kwenda kunywa chai pale, kwa sababu kila akiingia watu wanampigia saluti na kupaza sauti kwamba mzee afungue rango. Ati hata Murugi mwenyewe hucheka! Nilipiga meza ngumi. Watu gani hao? Mzee amelinda lango la hoteli ya wazungu miaka ishirini na mitano, katika mvua na baridi ya mlima, akatusomesha. Ulimi wake una Kikuyu, basi limekuwa kosa?

Nawe wajua nilivyoteseka kumwigiza huyo soja, mlinzi wa lango, katika kipindi cha televisheni cha Alhamisi. Miaka tisa ya koti refu, rungu, rango na chakura. Niliomba kuwa daktari, nikaomba kuwa mwalimu, nikaomba hata kuwa mwizi. Mkubwa wa vipindi alinijibu kwamba watazamaji hawanitaki vinginevyo. Kile Kiswahili ulichonifundisha nyuma ya nyumba ya mama yako, nikirudia herufi el na ar mpaka taya zikauma, hakuna aliyewahi kukisikia.

Mwezi uliopita wakanifanya mwelekezi wa kipindi hicho. Siku ya kwanza niliingia studio nimefunga tai, nikatangaza kwamba soja wetu sasa atazungumza kama mtu mwingine yeyote. Mkubwa akaniita ofisini, akaniambia bila rango hakuna kipindi, na bila kipindi hakuna mwelekezi. Nikarudi nimefura. Hasira zote nikazimwaga kwa Nehemiah Khisa, mwigizaji wa kutoka Bungoma aliyerithi koti langu. Nikamwamuru aseme rango. Lafudhi hakuipata. Nikamfokea mara nne mbele ya watu, mimi huyu niliyefokewa miaka tisa. Mwishowe akaniuliza kwa heshima amwige nani, maana yeye hajui mtu wa huko kwetu.

Sikumjibu. Wewe nitakujibu.

Nimewaambia nyote kwamba nililazimishwa. Ni uongo, Salim. Siku ya majaribio nilisoma kwa Kiswahili chako safi, wakaanza kukunja karatasi zao. Nikaona kazi inaniponyoka. Ndipo nikamtoa baba: sauti yake, anavyokohoa kwanza, anavyovua kofia. Wakacheka mpaka machozi. Hakuna aliyeniomba. Na zile Jumapili za mwaka ule, nilipokuwa nikija kukaa naye jikoni na kumwomba anisimulie mambo ya kazi yake, sikuja kumwona. Nilikuja kuchukua maneno. Naye alifurahi sana, akawaambia majirani kwamba mwanawe, pamoja na ukubwa wote huo, bado anapenda kumsikiliza.

Nisalimie Mwanaisha, mama yako na wote wa Majengo. Baba usimpelekee salamu zangu, wala usimdokezee neno. Nakuja Jumamosi kumwambia mwenyewe. Akitaka kunifukuza, anifukuze.

Ndimi ndugu yako,
Gatimu