Kichwa cha Papa Nyundo

Jumatatu, 10 Machi 2025

Pantaleo katoka machimboni kaja kula — mdogo wangu huyu haishiwi njaa! Akafungua kitabu changu cha biolojia, akaduwaa kwenye picha ya papa nyundo. Kichwa kipana kama ubao wa kukatia nyama, jicho huku na jicho kule. Nikajisahau, nikafundisha kabisa. Chini ya kichwa kuna vitundu vinavyohisi umeme wa mwili wa kiumbe hai. Samaki taa akijifukia mchangani, papa anapita tu juu yake, anajua yuko wapi. Anamkandamiza kwa kichwa hicho hicho, anamla.

"Dada, si detekta ya dhahabu hiyo!" Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 12 Machi

Loh! Huko machimboni wanasema mwalimu kasema papa nyundo anaona dhahabu. Sijasema! Nilisema kilicho hai. Pantaleo naye, mdomo haufungi.

Mageni, msimamizi wa duara lao, shimo wanalochimba dhahabu, kaagiza kichwa kikavu kwa mchuuzi wa Nkome mwenye ndugu Tanga. Nimekutana na Mageni sokoni. "Wabeja, mwalimu." Asante ya nini? Nikamwambia kichwa kilichokauka hakihisi chochote. Akatabasamu, akidhani namficha.

Ijumaa, 14 Machi

Kichwa kimefika. Wamekining'iniza kwa kamba, wakazunguka nacho eneo zima. Kimegeukia duara la zamani, lile lililoachwa mwaka juzi baada ya matimba, magogo ya kuzuia kuta, kuoza. Ni upepo ule, jamani! Na mvua leo siku ya nne.

Nimemsihi Pantaleo asishuke humo. Eti, dada, wewe ndiye uliyetuonyesha. Naogopa. Ugali umenishinda.

Jumapili, 16 Machi

Nimetoka kanisani mbio. Duara limetitia. Pantaleo yuko chini na wenzake wawili.

Hakuna anayejua wamefukiwa upande gani, ni tope tupu. Naandika nimekalia magogo ya matimba mapya — hayakuwahi kushushwa. Nimemwita mpaka sauti imekauka. Wanaume wana makoleo mikononi, hawajui waanzie wapi.

Mageni analia. Kaleta kile kichwa, anataka kukipitisha juu ya udongo. Wote wananitazama mimi. Mwalimu, si ulisema kinahisi kilicho hai?

Ni gegedu kavu. Najua. Najua!

Nimewaambia kamba ya kichwa wanipe mimi.