Sauti Iliyomtoa Mama Nyumbani

Mtwara, Jumapili

Dada Domitila,

Mama alipotea Jumanne ya wiki iliyopita, jioni, wakati ng'ombe wanarudi zizini, na akapatikana Jumatano asubuhi. Nimeanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizunguka. Sasa shikamoo, dada yangu. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Vidonda vya miguuni vimeanza kukauka? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukiinama kukamua? Mimi mwili ni mzima. Joto la huku limekaza na mafriza ya samaki yanakufa kila siku, kwa hiyo kazi ipo. Usingizi ndio haupo.

Najua karatasi hii itakaa kwenye mabasi siku nne au tano mpaka ifike kwetu Nyakakika. Ningeweza kukupigia. Ila siku hizi nikisikia sauti yangu ndani ya simu, naizima.

Ujumbe wako wa Jumatano nimeusoma mpaka nimeukariri. Maneno matatu: "Sauti yako imempeleka." Hukuniambia hata kama yuko hai. Hilo nilikuja kuambiwa na shemeji Deus, saa mbili baadaye. Iliniuma, sitakuficha. Maana tukianza kuhesabu nani alifanya nini, wewe ndiye uliyenipigia mwezi wa tano unalia. Mama hajaoga wiki nzima, dawa za presha anazitema. Ukasema, "Mdogo wangu, anakuuliza wewe tu. Sema chochote, mradi aoge." Nikaenda nyuma ya karakana, nikajirekodi kwa Kinyambo: Mama, nipo njiani, nakaribia kufika. Oga, kula, meza dawa, unisubiri. Sekunde kumi na moja. Jioni ukaniandikia, "Ameoga! Na kuimba ameimba!" Nikacheka peke yangu kama mtu aliyeshinda tenda.

Kwa hiyo ujanja ulikuwa wetu wote wawili. Lakini sauti ni yangu mimi. Ukimchezea rekodi ile asubuhi na jioni, tangu mwezi wa tano mpaka juzi, ni zaidi ya mara mia tano nimemwambia Mama nakaribia kufika. Wewe ulishaizoea hata huisikii. Yeye kila mara ilikuwa ya kwanza. Mimi mtu wa hesabu, lakini hiyo sijui naigawanya kwa ngapi.

Kuna daktari wa zahanati moja hapa, huwa namtengenezea friji la chanjo. Nilimweleza habari za Mama kama vile ni mama wa rafiki yangu. Akasema ugonjwa huu unakula ya juzi kabla ya ya zamani, ndiyo maana mtu anasahau kama amekula lakini anakumbuka jina la ng'ombe wa baba yake. Nikamuuliza, basi na uongo si atausahau? Akasema, "Maneno atayasahau. Ile hali ya moyo uliyomwachia haiondoki upesi hivyo."

Niliposikia hayo nilikuwa nimeinama nyuma ya friji lake. Watu wanadhani friji linatengeneza baridi, dada. Halitengenezi. Linachota joto ndani na kulimwaga nje, na ukigusa nyuma yake utaona lilikokwenda. Hilo nawafundisha wanaojifunza kazi kwangu kila mwaka, halafu la nyumbani kwetu sikuliona. Ule utulivu wa kumwogesha ulikuwa na upande wake wa nyuma. Mama alisahau nilichosema, akabaki na kusubiri. Kusubiri kukajaa siku baada ya siku, na hakujui pa kutokea.

Dalili zilikuwepo, tukazicheka. Ile ekyanzi yake, chombo cha mti cha maziwa, kila jioni anaijaza na kuiweka pembeni, ni ya mwanawe aliye njiani, mtu asiiguse. Deus akanipigia, "Shemeji, wewe ni mlevi wa aina gani? Uko Mtwara na kila siku unamaliza lita nzima Karagwe!" Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Sasa nikuambie la Krismasi, nilipokuja. Uliona alivyonipokea kama mgeni, ukaniambia nivumilie, atanizoea. Ambalo hukuliona ni la asubuhi iliyofuata, mlipokwenda kanisani na kuniacha naye. Alikuwa mkekani. Nikachukua ile ekyanzi, nikainua ninywe. Mwenyewe nikajiambia, si ni yangu? Akanipiga mkono. Ana nguvu bado.

"Weka chini! Hayo ni ya mwanangu."

"Mama, mwanao ndiye mimi."

Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kwenye upara, kisha akacheka. "Wewe mzee? Mwanangu ana nywele." Halafu akanionea huruma, akasogea, akanipa nafasi mkekani. "Kaa basi, tumsubiri wote. Na wewe mama yako yuko wapi?"

Dada, nimejibu watu wengi maishani, wateja wenye hasira, wenye nyumba, polisi wa barabarani. Hilo nililijibu kwa kuinuka na kwenda dirishani.

Simu yako ulikuwa umeiacha dirishani. Nikaipigia kwa yangu, nikaipokea mwenyewe, nikafungua sauti ya nje na kumwekea mapajani. Nikaenda nyuma ya zizi, nikasema, "Mama." Hapo hapo akanijua. "Mwanangu! Uko wapi?" Nikamwambia nipo njiani. Akashusha sauti, "Fanya haraka. Kuna mzee hapa anataka kunywa maziwa yako."

Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nimesimama kwenye samadi naionea wivu simu. Nadhani sauti yangu haijazeeka, sura ndiyo iliyozeeka, na yeye anamtafuta yule kijana aliyemsindikiza barabarani na begi moja siku naondoka nyumbani. Hayo ni mawazo yangu tu, daktari hakuyasema.

Jioni yake akanishika mkono, ekyanzi mkono wa pili. "Twende, tumpokee." Tukapita mifugo, tukatoka kabisa getini hadi kule nyasi zinapoanza kuwa ndefu. Nikamrudisha kabla hujamaliza kupika. Kwa hiyo nilijua, dada. Nilijua ameanza kutoka, na sikukuambia, kwa sababu ningekuambia ningelazimika kueleza nilikuwa nani katika safari ile. Kesho yake nikawaaga, nikasema friza kubwa la mteja limekufa. Hakuna friza lililokufa. Nilikimbia. Ningesema neno moja pale mezani, Deus angeweka komeo kwenye geti siku ile ile, na Mama asingelala nje kwenye umande.

Deus amenisimulia alivyopatikana. Yule mama wa Kirundi anayelima kibarua upande wa Nyakasimbi alikuwa anakwenda kupalilia maharage, akamkuta amekaa kwenye nyasi, viatu hana, maziwa hayajamwagika hata tone. Alimwomba anywe kidogo apate joto. Akakataa. Huyo mama mpe salamu zangu na umshukuru kwa mikono miwili. Mpe na yale maziwa pia, wala usimwambie Mama.

Sasa la kufanya. Funga kengele ya ng'ombe kwenye geti, ile nzito, ili likisukumwa usikie ukiwa jikoni. Dawa mpe wakati anaosha vyombo vya maziwa. Niliona mikono yake ikiwa na kazi, hakatai kitu. Ekyanzi mwache aijaze. Na ile sauti usiicheze tena, hata akilia. Nimeifuta kwangu, ila imebaki kwako, siwezi kuifikia kutoka huku. Nilifikiri kurekodi nyingine, niseme nimeshafika, nimelala chumba cha pili. Nikawasha simu, nikaizima. Ataamka aje kunifunika blanketi, akute kitanda kitupu.

Ninaloomba ni hili. Yule mchungaji wenu wa ng'ombe aliondoka kwenda kuvuna kahawa Kimuli na Deus analalamika kila siku hana mtu. Nichukueni mimi. Kukamua ulinifundisha wewe mwenyewe. Mwambie Mama umepata mchungaji mpya, mzee mmoja mwenye upara. Mchungaji anakula kwenu, analala kwenu, analinda geti, hakuna anayemdai awe mtoto wa mtu. Akitaka kwenda kumpokea mwanawe, nitakwenda naye na kurudi naye, kila jioni, mpaka miguu yake ikatae. Utasema siwezi kuacha karakana niliyoijenga toka spana moja. Nimeipigia hesabu, inaachika. Kuna fundi mwenzangu anaitaka, na Jumamosi mchana lazima nimjibu.

Nisalimie shemeji Deus, mwambie mlevi wa maziwa anamshukuru kwa kuzunguka nyikani na tochi. Msalimie binamu yetu Verdiana, mwalimu wa kwaya, na baba mdogo Fransisi wa ng'ombe wengi. Mama usimsalimie kwa niaba yangu. Kwa sasa tumwache kwanza na salamu zangu.

Najua umekasirika. Wewe ndiye unayemfulia, unayemlisha, uliyelia usiku ule, na mimi nilikuwa na sekunde kumi na moja tu za kuchangia. Lakini nijibu. Kwa maandishi, usipige, kabla ya Jumamosi saa sita mchana: nije kuchunga, au nisije? Neno moja linatosha. Usiniandikie "amua mwenyewe." Nyumba ni yako, Mama ni wetu, na mimi safari hii sitaki kuamua nikiwa mbali.

Mdogo wako,
Projestus