Kopo la Asali Nimelitupa

Mama Gwiza,

Nampeleka Gwiza kituo cha afya, pikipiki inangoja nje. Mdogo wake Kaliza yuko kwa jirani, Mama Aimable. Usimpake kitu, na yeye ameanza kutoka kidonda puani.

Ulipokwenda sokoni alfajiri, Gwiza aliamka uso umevimba, macho hayafunguki. Mkojo wake ni mweusi kama chai ya rangi. Hivi vidonda vya usoni si vya kutibia jikoni tena.

Chemsha mashuka na taulo zote. Asali na kitunguu saumu nimetupa. Asali labda haina kosa, lakini ulichovya kitambaa kimoja kwenye kopo, ukampaka Gwiza, ukachovya tena, ukampaka Kaliza. Nilikuambia, ukanijibu mimi ni fundi wa matofali, si daktari. Haya.

Kitunguu kimemchubua Gwiza mashavu. Nimemuuliza kwa nini hakusema kinamchoma. Akanijibu, “Mama alikuwa anafurahi kwamba ninapona.”

Usije kule, utamliza. Hapana, mstari huo nimeukata. Njoo upesi, uache hata kufua. Tangu alfajiri nimembeba mimi, na anakuita wewe.

Baba Gwiza