Picha ya Ulimi wa Ng'ombe

Nyumba ya Bati Jekundu,
Nyuma ya Kituo cha Maziwa.
9 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mkazamjomba, presha yake imeshuka? Sisi watu tu wazima. Walioumwa ni ng'ombe. Na kwa kuwa wewe na simu za kupangusa hamsalimiani, habari hii nakuletea kwa kalamu.

Wiki mbili zilizopita Bibi Harusi, yule ng'ombe wangu mweupe, aligoma kula. Alichechemea, mate yakimtoka kama povu la sabuni. Nilipomfungua mdomo, ulimi ulikuwa umebabuka. Nikaupiga picha, nikamtumia daktari wa mifugo. Akapiga simu papo hapo: "Ugonjwa wa miguu na midomo huo. Asiingie mtu, asitoke mnyama."

Mnada wa ng'ombe ulikuwa wiki iliyofuata. Nikaituma picha kwenye kundi letu la wafugaji, watu zaidi ya mia mbili, na jina langu chini yake.

Weee! Mwenyekiti wa kundi alikuja mbio mpaka getini. "Mama Maziwa, futa hiyo picha. Utatuharibia mnada sote."

"Sifuti. Na usisogee hapo, viatu vyako vitabeba ugonjwa."

Aliondoka amenuna. Jioni kituo kilikataa maziwa yangu, nikayamwaga ndoo kwa ndoo. Kisha mtu akazusha kundini kwamba watoto waliokunywa maziwa yangu wamelazwa. Hilo liliniuma kuliko yote. Nikamwomba daktari arekodi sauti, aeleze kwamba ugonjwa huu ni wa ng'ombe na wenzao wenye kwato, si wa watoto wetu. Nikairusha asubuhi, mchana na jioni mpaka wazushi wakachoka.

Siku ya nne ndama wa Bibi Harusi alikufa. Sikufichi, Mjomba, nililia, na kidole kilishafika kwenye kuifuta ile picha. Ndipo mama mmoja muuza mtindi akaniandikia pembeni: "Wangu pia anaumwa. Nimeficha siku tatu. Nifanyeje?"

Nikamwambia atume picha mbele ya wote. Akatuma. Kufikia kesho yake zilikuwa kumi na moja, na daktari akajua ugonjwa umefika wapi. Mnada ukafungwa, chanjo ikaletwa kwenye mazizi ambayo hayajaguswa.

Jana ikaingia picha ya kumi na mbili: ulimi wa fahali wa Mwenyekiti. Watu wakaanza kumcheka. Nikawanyamazisha, nikamwandikia: "Funga geti, Mwenyekiti. Kuja siwezi, ila piga simu saa yoyote, nitakuelekeza."

Sasa wewe. Binamu kaniambia unajiandaa kuja kunipa pole. Usije. Una ng'ombe wanne huko, na pole yako nimeshaipokea. Daktari akiruhusu, nitakuita mwenyewe, na utanikuta nimesimama barabarani nakusubiri.

Nisalimie mkazamjomba, binamu Kinyozi na mapacha wake watundu. Mungu awalinde, na zizi lenu pia.

Mpwa wako anayekupenda hata anapokufungia geti,

Mama Maziwa