Kidonge cha Kwanza

Ganshoren, Brussels
Novemba 2008

Mama, shikamoo.

Barua hii anakuletea Abdulkarim, jirani yetu, anayekuja likizo Tanga. Jana alinikuta kwenye metro nikitoka hospitali, akaniombea kiti, akaniombea na dua nijifungue salama. Nikaitikia amina. Akikuuliza habari zangu mwambie sijambo, maana hajui alichokibeba.

Viungo ulivyonisagia, pilipili manga na mdalasini, usimpe mtu. Viza yako ikitoka njoo navyo vyote. Nitahitaji kukandwa kama mzazi mwingine yeyote.

Mama, mtoto amefia tumboni. Daktari hataki kunipasua, anasema nitamzaa kwa dawa. Kidonge cha kwanza nilikimeza jana mbele yake. Hicho kinaulainisha mwili tu, uchungu hakileti. Kesho nitalazwa, wanipe vingine vya kuleta uchungu. Leo wameniacha nikae nyumbani naye. Nimepika wali. Mkweo anazificha nguo za mtoto kabatini, mimi nazitoa, nazikunja upya.

Kabla sijameza nilimwambia daktari wamekosea, kwani nikijigeuza kitandani mtoto anasogea. Hakunicheka. Alinipima tena, akanionyesha moyo uliosimama, akaniambia ni yale maji ya tumboni yanayompeleka ninakogeukia. Nilimwelewa, mama, na kidonge nikakimeza.

Lakini tangu jana najigeuza polepole, nisije nikamwamsha.

Mwanao,
Zulekha