Kwa Kambo, Juu ya Mpira Mwekundu na Usukani

Kambo, bibi yangu mpendwa,

Mimi ni yule mjukuu aliyekuwa akipanda paa la jiko kila Jumamosi ya kwanza ya likizo, huku wewe ukiniita toka chini kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko fimbo. Mkononi ulishika poire, ule mpira mwekundu wenye shingo nyembamba, umejaa maji ya vuguvugu na mizizi uliyoijua wewe tu. Njia ambayo dawa hiyo ilipita kuingia tumboni haikuwa mdomo, na sitaiandika hapa, maana barua hii watu wataisoma, lakini watoto wote wa mtaa wetu wa Naviundu wanaijua.

"Bwana yangu, kuya chini," ulisema. "Tumbo ikiwa na buchafu, kichwa haisome."

Uliniita bwana yako, kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mimi nikakubali cheo hicho kwa moyo wote. Siku kampuni iliponikabidhi lori la kubeba madini kutoka Kipushi, nilikuja kukuchukua wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Ulivaa kikwembe cha Pasaka, ukapandishwa kwenye kabini na watu wawili, ukaniomba nipite polepole mbele ya parokia. Halafu ukaniomba nigeuze tupite tena, kwa sababu jirani mmoja hakuwa ametoka nje. Hukumpungia mtu mkono. Ulikaa umenyoosha shingo, utadhani lori ni lako. Toka siku ile nilijua kwamba usukani huo si wangu peke yangu.

Sasa nisikilize, maana nilikaribia kuupoteza. Tangu tulipokuzika nimekula kama wanavyokula madereva: michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma kando ya barabara, mikate ya mafuta, soda, na nyumbani samaki wa chumvi kutoka Pweto, wale uliowapenda wewe. Mwaka huu daktari wa kampuni alinipima presha mara tatu, kisha akachukua ufunguo wa lori mezani akautia kwenye droo. Alisema dereva mwenye presha ile akizimia kwenye mteremko, anakufa na watu wengine. Akanipa siku arobaini niishushe. Isiposhuka, lori apewe mwingine.

Alinituma kwenye kituo cha afya, katika mpango wanaouita détox, chini ya uangalizi wa muuguzi mmoja, Mama Odile. Nilipoelezwa kwamba maana yake ni kuondoa uchafu mwilini, nilicheka moyoni. Kazi hiyo, Kambo, si nimeifanya tangu nina miaka minne? Siku ya kwanza nikaenda na poire yako kwenye mfuko. Mama Odile aliitazama, akaniambia niirudishe nyumbani.

"Papa Deo, mu mwili Mungu alishatia benye kufagia, maini na figo," alisema. "Weye acha tu kubamwangia buchafu."

Mpango wenyewe haukuwa na mizizi wala kushinda njaa. Ulikuwa vidonge vyangu vya presha, maji mengi, kutembea kila asubuhi hadi mtoni na kurudi, bukari, yaani ugali, ya ngumi moja badala ya mlima, chumvi ya kuonja tu, na kupimwa mbele yake kila Jumatatu na Alhamisi. Kisha akanichorea sahani: lengalenga, ule mchicha wetu, za kuchemsha, maharage, nyanya. Nilipoiona nilikukumbuka wewe. Ndiyo sahani uliyotulisha miaka ya shida. Mimi nilipoanza kupata, niliiondoa mezani kwako kwa majivuno, nikakuletea kuku wa mafuta. Ulikula ili kunifurahisha. Nakumbuka uliniuliza mara moja, bila kulalamika, kama lengalenga zimekwisha sokoni. Nisamehe.

Wiki ya tano presha ilikuwa imeshuka, lakini haijafika pale alipotaka daktari, na siku zilikuwa zinakwisha. Hofu ikanishika. Jumapili baada ya misa nikafanya ambacho wewe ungekifanya: nikachemsha mizizi, nikatoa poire, nikajifungia. Wewe ulitosheka na mara moja. Mimi nilirudia mara tatu. Jumatatu, nilipotoka kwenye benchi la kupimiwa, nilianguka kama gunia mbele ya wagonjwa wenzangu.

Mama Odile hakunigombeza. Alininywesha maji ya chumvi na sukari, akaniuliza nimefanya nini. Nikasema ni jua. Na hapa, Kambo, ndipo shetani alipokaa karibu yangu, kwa sababu namba ya asubuhi ile, kwa ule mwili uliokauka, ilikuwa nzuri kuliko zote. Ndiyo hasa namba aliyoitaka daktari. Ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi yangu. Ningenyamaza, ningepata ufunguo. Nikafikiria mteremko, na watu wanaopita chini yake.

"Ni poire," nilimwambia. "Hii namba haiko yangu."

Aliikata kwa kalamu nyekundu, akamwandikia daktari barua, nami nikaipeleka kwa mkono wangu. Daktari aliisoma, akaniongezea wiki tatu. Nilizimaliza bila njia ya mkato hata moja, kwa lengalenga na miguu yangu. Siku ya mwisho alinipima mara tatu tena, kisha akafungua droo.

Ninajivuna, Kambo, na sioni haya kusema. Mkanda umeingia matundu manne, ninapanda kwenye kabini bila kuhema. Lakini kinachonipa majivuno zaidi ni ile namba iliyokatwa kwa wino mwekundu. Karatasi yake ninaitunza.

Poire sikuitupa. Shingo yake inaingia vizuri kwenye matundu ya betri, ninaitumia kuongeza maji. Mimi haitanigusa tena. Jana, kwenye safari yangu ya kwanza, nilipita mbele ya parokia polepole, nikageuza, nikapita tena. Kwenye kiti ulichokalia siku ile nilikuwa nimeiweka poire yako.

Lala salama, na usiningoje kwa haraka. Nina safari nyingi bado.

Bwana yako mdogo,
Deo