Tezi Iliyolala

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Chiriku sasa hivi ameokota nywele zangu kwenye kitana, kazilowesha mate, kazibandika juu ya sikio langu. Eti zimedondoka, ananirudishia. Miaka mitatu tu! Nikacheka. Halafu nikainama kama natafuta kitu uvunguni mpaka macho yakakauka.

Naandika kwa sababu nasahau. Juzi neno "pasi" lilinipotea — mimi, mpiga pasi kwa dobi. Nikasema nipe ile ya moto.

Saratani iliondoka mwaka juzi. Walinipiga mionzi shingoni siku ishirini, namshukuru Mungu. Lakini moto haujui jirani. Umeunguza na tezi ya hapo hapo kooni, ile inayouamsha mwili. Sasa tezi imelala na mimi nalala nayo. Daktari kanipa kidonge cheupe, kidogo kama punje, kila asubuhi, maisha yangu yote. Huu mwezi wa tatu nakimeza. Bado baridi. Bado uso umevimba, sauti kama ya chura, choo mpaka siku ya tano. Nina miaka ishirini na minne.

Nitapona tu. Dawa si siku moja.

Mama mkwe yuko nasi tangu nianze vidonge, maana Baba Chiriku ni dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Anaamka kabla ya jogoo kunipikia uji wa maziwa. Nisipomaliza bakuli, kidonge hanipi. Anasema dawa haiingii tumbo tupu, itanitoboa. Mama yangu mzazi angekuwa hai asingenifanyia zaidi.

Jumatano, 5 Machi

Kazini. Wenzangu jasho mpaka visiginoni, mimi nimevaa sweta na nimeikumbatia pasi. Yule tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimwi, akasema wengine ugonjwa unawakausha, mimi wangu unaninenepesha, nimwambukize. Wakacheka. Nikacheka na mimi. Ningefanyaje?

Dobi mwenyewe alihesabu rundo langu. Mashati ishirini na moja. Zamani nilikuwa nafika hamsini na mazungumzo juu. Akaniuliza taratibu kama nina mimba. Nikasema hapana. Akasema basi nijitahidi.

Najitahidi. Mwili ni kama gunia la mchanga, kila hatua nalibeba.

Ijumaa, 7 Machi



Mama mkwe alikwenda sokoni. Nilikaa kitini, Chiriku anapanga vizibo vya soda sakafuni. Nikafumba macho. Nilifumba tu!

Mlango ukagongwa. Fundi wa kuchomelea, yule wa ng'ambo ya barabara, miwani ya kazi imepanda kwenye paji la uso, Chiriku mkononi mwake.

"Dada, huyu si wako?"

Alivuka peke yake. Barabara ile ya malori. Alikwenda kutazama cheche. Fundi anasema alipogeuka alimkuta amesimama karibu yake, urefu wa mkono, macho wazi, anapiga makofi.

Mama mkwe alikuwa nyuma yake na kikapu. Alisikia yote.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kavuta beseni tangu alfajiri. Anafua. Nguo safi pia anafua.

Jumapili, 9 Machi

Leo amelitoa la moyoni. Aliniita nikae karibu yake, akanishika goti. Anataka kumchukua Chiriku kwake, huko anakotoka, safari ya siku nzima. Si kukunyang'anya, mwanangu, nakupumzisha — hivyo ndivyo alivyosema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikampigia Baba Chiriku. Yuko njiani, simu inakatika. Akasema mama anajua, mama amelea saba. Nikamwambia mimi nalea mmoja na ndiye huyo. Simu ikakata. Au alikata.

Nimemwomba mama mkwe asubiri Jumanne nimwone daktari. Kipimo cha damu, kile kinachopanda tezi ikilala, lazima kitakuwa kimeshuka. Kikishuka, ina maana naamka. Nikiamka, Chiriku haendi popote.

Amekubali.

Jumanne, 11 Machi

Nimekaa kwenye benchi nje ya maabara, naandika kabla sijasahau.

Daktari aliminya shingo yangu, pande zote, polepole. Nilikuwa nahesabu pumzi. Akasema hakuna uvimbe, saratani haijarudi. Nikapumua. Halafu akatazama karatasi ya damu, akakunja uso. Kipimo kiko juu vile vile. Kama vile simezi kitu!

Akaniuliza kama navitupa. Nikaapa. Akaniuliza navimezaje. Nikamweleza: uji wa maziwa bakuli zima, kidonge, halafu vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu anavyoninunulia mama mkwe duka la dawa.

Akaweka kalamu chini.

Kumbe kidonge hiki kinataka tumbo tupu. Maji matupu, basi. Nikae saa nzima bila kula. Maziwa yanakizuia kisiingie mwilini, na vile vyekundu ndiyo kabisa, viachane nacho kwa muda wa saa nne. Akauliza, dirisha la dawa hawakuniambia? Kwenye bahasha wameandika moja mara moja tu. Labda waliniambia kwa mdomo. Sikumbuki. Ndiyo shida, sikumbuki!

Miezi mitatu nameza na kutoa.

Lakini nilifurahi. Nilitaka kumkumbatia. Dawa haijashindwa, haijaanza tu! Nikamuuliza nitaamka lini. Wiki sita, akasema, ndipo tupime tena. Nikamwomba aandike wiki moja, nikamwonyeshe mama mkwe. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

Jumatano, 12 Machi

Sijamwambia mama mkwe. Nimwambieje? Mtu ameamka gizani miezi mitatu, amepuliza moto mpaka macho mekundu. Nimwambie ni uji wako?

Leo nimewahi kuamka, nimechukua kidonge pale anapoviweka, nimekimeza kwa maji, nikarudi kulala. Alipoleta bakuli nikasema nina kichefuchefu, nitakunywa baadaye. Akaniwekea mkono kwenye paji. Mkono wake una harufu ya maziwa.

Alhamisi, 13 Machi

Amejua. Alihesabu vidonge, akakuta kimoja kimepungua kabla ya wakati wake. Akadhani nimechanganyikiwa, nameza viwili kwa siku. Ikabidi niseme yote.

Alikaa chini, palepale jikoni, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakulaza."

Nikasema hapana mama, hakuna aliyejua. Nikasema ulinipenda. Uji ukafurika, ukazima moto, hakuna aliyenyanyuka.

Nilidhani sasa ataacha habari ya kumchukua Chiriku. Jioni akaniuliza daktari kasema muda gani. Nikasema wiki sita. Akarudia, wiki sita. Kisha akaniuliza, bila ubaya, kama katika hizo wiki sita naweza kumwahidi kwamba sitafumba macho.

Nikasema naweza.

Jumamosi, 15 Machi

Nilijipima. Mama mkwe alikwenda kukata tiketi mbili, yake na ya mtoto. Alisema tiketi ya mtoto si lazima itumike. Sikukaa kitini, nilikaa sakafuni penye baridi. Nimefunga mlango na komeo la juu. Nimefunga ncha ya khanga yangu kwenye kiuno cha Chiriku, ncha nyingine mkononi mwangu. Akafurahi, akajifanya ng'ombe.

Nikaimba ili nisilale. Nakumbuka nikiimba.

Nilizinduka, ncha iko mkononi. Chiriku yuko hapo hapo, amelia mpaka kamasi zimekauka. Ananivuta kope kwa vidole. Sijui alilia muda gani. Sikumsikia. Mtoto wangu analia kwenye sikio langu na sikumsikia.

Mama mkwe aliporudi sikungoja aulize, nikamwambia tiketi ya mtoto itumike.

Jumapili, 16 Machi

Kidonge cha tano kwa maji matupu. Nimekaa saa nzima. Leo nimeona kama vidole vina joto kidogo. Mama mkwe kavishika, kasema ndiyo, vina joto. Labda ananifariji. Napokea hivyo hivyo.

Begi liko mlangoni, nimelipanga mwenyewe. Magauni manne, sweta, dawa ya minyoo, yule mwanasesere asiye na mguu. Nimemwambia Chiriku anakwenda kwa bibi kuona mbuzi, mama atakuja. Akauliza nitakuja kesho? Nikasema kesho ya mbali. Akaniuliza nani atanifungua macho.

Sitalia mbele yake. Nimepiga mistari ukutani nyuma ya mlango, arobaini na miwili, mitano nimeshaifuta, iliyobaki nitakuwa nafuta mmoja mmoja. Baba Chiriku kapiga, kasema nisijilaumu. Namsikia mama mkwe nje anambembeleza Chiriku avae viatu, hataki, anasema viatu anavalishwa na mama. Sasa ananiita, Mama Chiriku njoo, gari litatuacha. Naja. Acha nimalizie hili tu, nisije nikalisahau, kwamba leo asubuhi Chiriku alipoamka, kabla hajajua kama niko macho, alinishika shavu akasema —